Nondo Wengi, Nondo Nyingi

Hotipoti ya kipaimara cha Denis ndiyo iliyokuwa chombo bora kuliko vyote katika nyumba ya Wenseslaus, na asubuhi ile Mektrida aliifungua ili aweke kiburu cha moto, zile ndizi za kupondwa na maharage, akakuta imejaa wadudu.

Hakupiga kelele. Aliifunika, akaketi kwenye kigoda, akamwita mumewe kwa ile sauti ya chini ambayo mzee yule aliiogopa kuliko mvua ya mawe.

"Baba Denis."

"Naam."

"Hii ni nini?"

"Nondo hizo, mama. Usifunike kwa nguvu, zitavunjika mabawa."

"Nondo ndani ya hotipoti yangu."

"Ndoo imejaa, na boksi la biskuti limejaa. Pamela amesema zikae pakavu. Nyumba hii pakavu ni pawili tu, hotipoti na kitanda. Nikachagua hotipoti."

Mektrida akakifikiria kitanda chake, akaona kwa kweli ameponea chupuchupu. Akakichukua kiburu akakifunika kwa sahani.

Pamela alikuwa binti wa chuo aliyefika Kisereni, juu kabisa ya Kibosho, mwanzoni mwa mvua za masika, na shuka jeupe, taa na betri ya pikipiki. Alitundika shuka pembeni mwa msitu jioni, akawasha taa, na wadudu wa msitu wote wakaja kulikalia kama wamealikwa. Wenseslaus, mpagazi wa zamani wa mlimani aliyestaafishwa na magoti yake, alikuwa amesimama pale akitafuta jambo la kucheka. Badala yake akapata kazi. Kila jioni aliweka ndoo yenye taa chini ya miti, ndani yake trei za mayai ili wadudu wapate pa kujificha, na alfajiri alikwenda kuwachukua, akiwaua kwa dawa aliyoachiwa na kumfunga kila mmoja ndani ya kikaratasi. Pamela akarudi zake mjini na kumpigia simu.

"Vipepeo vya taa vimekuwa vingi leo," alimwambia siku za mwanzo.

"Si vipepeo, baba. Hawa ni nondo. Tuwaite kwa jina lao."

Akawaita kwa jina lao.

Si kwamba mapenzi ya wadudu yalikuwa yamemwingia uzeeni. Msitu wa Kisereni ni kipande kidogo cha kijiji, kilichobanwa kati ya vihamba vya mwisho, yale mashamba ya migomba ya familia, na mpaka wa hifadhi ya mlima. Ndani yake ipo chemchemi, na kutoka chemchemi hiyo unateremka mfongo, mtaro ule uliochimbwa na mababu, ukipita nyuma ya jiko la Mektrida kabla ya kwenda kwa majirani. Migomba yao, kahawa yao, ng'ombe wao na chungu chao vyote vilikunywa hapo. Sasa mwekezaji alitaka kukiangusha kile kipande ajenge kambi ya watalii, na kamati moja huko Moshi ilikuwa ikae Alhamisi kuamua. Pamela alikuwa amesema hivi: tukiwawekea mezani nondo wasiopatikana mahali pengine popote, hawatathubutu kusaini.

"Yaani wadudu ndio watatulindia maji?" Mektrida aliuliza.

"Barua tumeandika zikashindwa. Acha nondo nazo zijaribu."

Wenseslaus alikuwa akijivunia kazi yake kupita kiasi. Kwenye kilabu cha mbege, pombe ya ndizi, alishawaeleza watu kwamba nondo mmoja alikuja mkubwa kama kikaango, akaipiga taa bawa ikazimika, na kwamba mwingine alipanda juu ya kofia yake msituni akashukia nyumbani bila kulipa nauli. Bahati mbaya hadithi hizo alizisimulia zamani, alipokuwa bado anasema vipepeo, na neno nondo hawakuwahi kulisikia kwake.

*

Simu ya Wenseslaus iliwahi kuangukia mfongoni, na tangu siku hiyo haikusikika ila kwa spika. Siri zake zote zilikuwa za kijiji. Jumamosi mchana alikuwa kilabuni, kata ya mbege mkononi, ilipoita.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mwanangu."

"Nondo vipi?"

"Nyingi. Aisee, nyingi mno. Jana zimenizidi, nyingine nimeziweka chumbani."

Mtu mmoja aliyekuwa anacheka akaacha kucheka.

"Saizi ndogo je?" sauti ya Pamela iliuliza.

"Milimita kumi zipo, kumi na mbili zipo, kumi na sita zipo. Na kuna moja nene, sijapata kuona. Hiyo nimeificha peke yake."

"Vizuri sana baba. Usimwonyeshe mtu. Jumatano nakuja na gari tupeleke mjini."

"Mama Denis tu ndiye anayejua," alisema Wenseslaus, akakata simu, akapiga funda refu. Alipoishusha kata aliona watu wote wanamwangalia. Akadhani wanamwonea wivu kwa kupigiwa na chuo.

Sasa ieleweke kwamba wiki ile kijiji kilikuwa hakilali. Watu walikuwa wamechanga kujenga zahanati, na nondo za zege zilizonunuliwa kwa jasho la kila kaya zilikuwa zimetoweka eneo la ujenzi. Jioni zilikuwepo, asubuhi hazipo. Fundi alimtazama mlinzi, mlinzi akamtazama fundi, wote wawili wakamtazama mwenyekiti.

Laiti Wenseslaus angesema wengi. Mtu wa pwani angesema nondo ni wengi, wamenizidi, nimewaweka chumbani, na hakuna ambaye angeinua uso kutoka kwenye mbege yake. Lakini huku mlimani mtu husema ng'ombe zangu, mbuzi zako, kuku zake, na wanaelewana na mbuzi hawajalalamika. Wenseslaus hakuwahi katika maisha yake kumwita mdudu wa.

*

Walikuja Jumapili, watu wakitoka misa. Mwenyekiti Eliaichi alikuwa mbele, nyuma yake mgambo Tito na kirungu, na nyuma ya Tito kundi la waumini na nguo zao za kanisani, waliosema wanapita tu.

"Mwalimu, karibu," alisema Wenseslaus. Eliaichi alifundisha Kiswahili shule ya msingi mpaka alipostaafu, na hakuna mtu Kisereni ambaye hakuwahi kuchapwa naye kwa kosa la sarufi.

"Sitakaa. Mzee Wenseslaus, una nondo humu ndani?"

"Ninazo."

Kundi likaguna. Mektrida akatokea jikoni akifuta mikono.

"Unakiri."

"Nikatae kwa nini? Ninazo tele."

"Za nani?"

"Za msituni."

"Msitu umefungua kiwanda?" Tito aliuliza, na watu wakacheka. Kisha akaingia ndani bila kuvua viatu.

Alivuta godoro. Alivuta sanduku la Mektrida, na gauni lake la ndani la zamani, lile alilolitia kiraka kwa kitambaa cha pazia, likatoka nalo na kubaki sakafuni mlango ukiwa wazi. Mama mmoja wa jumuiya aligeuza uso pembeni, lakini taratibu.

"Tito, mwanangu," alisema Wenseslaus, "nondo ya kujengea ni ndefu kuliko nyumba yangu. Ningeilaza wapi?"

"Nondo hukunjwa, mzee."

Vilivyotoka chumbani ni ndoo, boksi la biskuti, trei za mayai na hotipoti. Mwenyekiti aliifungua ile hotipoti mwenyewe, akafungua kikaratasi cha juu. Nondo mkubwa wa rangi ya majani makavu alilala humo, kila bawa na jicho lake la kuchorwa. Hata Tito alisogea kutazama.

"Si unaona?" alisema Mektrida. "Ni wadudu. Baba Denis anawakusanyia chuo. Mpigieni huyo binti."

Ingeweza kuishia hapo. Watu walishaanza kugeuka. Lakini Eliaichi alikuwa amewatangazia waumini mbele ya kanisa kwamba mwizi amepatikana, na nondo za zahanati zilikuwa shingoni mwake yeye, si mwa mtu mwingine. Akatazama kile kikaratasi kirefu kama anayesahihisha insha.

"Huyu ni mdudu," alisema. "Kiumbe hai. Ngeli yake ni a, wa. Nondo huyu, nondo hawa. Jana kilabuni ulisema nyingi au wengi?"

"Nilisema nyingi."

"Zimenizidi au wamenizidi?"

"Zimenizidi. Mwalimu, mimi ndivyo ninavyosema siku zote."

"Mashahidi wapo. Ulitaja nondo za, ukataja na milimita. Hawa ni nondo wa. Umetuwekea nondo wa ili tusitafute nondo za."

Wenseslaus alishawahi kubeba mizigo ya Wazungu mpaka kileleni, alishawahi kumdanganya chui akapita, kwa maneno yake mwenyewe. Lakini darasa la nne lilimrudia lote mara moja, na viganja vyake vikamwasha.

"Mwalimu," alisema Mektrida, "chukua nyumba yote uikague. Hao wadudu waache. Alhamisi wanahitajika mjini kwa ajili ya msitu. Wakipotea hao, maji yamepotea."

"Hawatapotea, Mama Denis. Watakuwa mikononi mwa serikali ya kijiji."

Vyombo vyote vikafungiwa stoo ya ofisi. Simu nayo ikachukuliwa, kwa kuwa ndiyo iliyosema.

*

Wenseslaus aliamriwa aripoti ofisini kila asubuhi akae kwenye benchi la nje mpaka atakapokumbuka nondo za zipo wapi. Alikaa. Waliopita walimsalimu, wengine hawakumsalimu, na vijana wa bodaboda walimwuliza kama ana milimita kumi na mbili ya kuuza. Mwanzoni aliwajibu kwa mzaha. Siku ya pili akawa anatazama viatu vyake.

Jumuiya ndogo ya kanisa ilikuwa isalie kwa Mektrida wiki ile. Alikwisha kuosha viti. Mtoto wa jirani akaletwa mlangoni na salamu kwamba wamama wameonelea wasalie kwingine, kwa sababu ya matope.

"Matope yapo kwetu peke yetu?" Mektrida alimwuliza yule mtoto, kisha akamhurumia, akampa ndizi.

Kila siku alikwenda ofisini na chakula cha mumewe na ombi lilelile.

"Mwenyekiti, waangalieni tu kama wako salama. Mvua inanyesha, na Pamela alisema unyevu unawaua mara ya pili."

"Ufunguo anao mtendaji, Mama Denis."

"Mtendaji yuko wapi?"

"Semina. Dodoma."

"Atarudi lini?"

"Semina ikiisha."

"Nichungulie dirishani basi."

"Stoo haina dirisha. Ndiyo maana ni stoo."

Aliyasema hayo bila ukali. Naye usingizi ulikuwa umemkimbia. Watu waliochanga walikuwa wakipita kwake jioni kumwuliza, kwa heshima sana, na heshima ile ilimkata maini.

*

Pamela alifika Jumatano na gari la kuazima, viti vya nyuma vimeshalazwa ili mizigo ipate nafasi. Alipitia nyumbani, akamkuta Mektrida peke yake, akaelezwa. Alicheka kidogo alipofika kwenye a na wa. Alipoelewa kwamba wamefungiwa tangu Jumapili, na mvua yote ile, kicheko kilikoma.

Ofisini aliongea kwa adabu, akaonyesha barua ya chuo, kitambulisho, na picha za nondo kwenye simu yake. Akampigia mtendaji, ambaye alinong'ona kwamba yuko katikati ya mada, kisha hakupokea tena.

"Mzee, tuvunje kufuli. Nitanunua jingine sasa hivi."

"Binti, hilo si kufuli langu. Ni la serikali."

"Kamati inakaa kesho asubuhi. Kazi ya masika yote imo humo. Hatuwezi kurudia, mvua zinaisha, wengi wao hawatatoka tena mpaka mwakani."

"Nakuelewa kabisa," alisema Eliaichi, na alikuwa anamwelewa. Hakuinuka.

Wakakaa wote watatu kwenye lile benchi, Wenseslaus katikati ya Mektrida na Pamela, kama watu waliofiwa wanaosubiri maiti ishushwe.

Kwenye eneo la zahanati, wakati huohuo, fundi alikuwa ameagiza zege lianze bila nondo, msingi wa choo tu. Kibarua akachoma koleo ndani ya lundo la mchanga. Likagonga chuma. Akachoma tena pembeni, likagonga. Wakafukua. Nondo zote zilikuwa chini, zimelala sawasawa kama zilivyopangwa. Dereva wa lori aliwahi kufika gizani, asione kitu, akazimwagia mchanga wake, naye mlinzi, aliyelala, hakumwambia mtu kwamba alilala.

Habari ilifika ofisini kabla ya mleta habari. Mwenyekiti alisimama. Aliingia ndani akatoka na jembe, na yeye mwenyewe, mzee wa watu, akalipiga lile kufuli la serikali mpaka bawaba ikang'oka.

Mstari mwembamba wa sisimizi ulikuwa ukitoka chini ya mlango. Ulipanda ukutani, ukapita juu ya mifuko ya saruji, ukaingia chini ya mfuniko wa boksi. Walikuwa hawana haraka. Kila mmoja alibeba kitu chepesi kilichosimama juu yake kama tanga.

Boksi lilikuwa na vikaratasi na vumbi la dhahabu. Ndoo ilikuwa imevujiwa na bati, ndani yake uji. Hotipoti ilibakia ndiyo tumaini, maana mfuniko wake unabana, lakini mwenyekiti alipoifungua Jumapili ile hakuifunga vizuri. Pamela alikaa chini kwenye sakafu. Akatoa kibano, akanyanyua bawa moja, lile lenye jicho, akaligeuza kwenye mwanga.

"Huyu," alisema, akalirudisha kwenye kikaratasi.

Wenseslaus alikuwa amesimama mlangoni na kofia mkononi.

"Zote?" aliuliza.

"Wote, baba."

*

Pamela alikwenda kwenye kamati hivyohivyo, na picha zake. Jioni aliwasimulia kwa simu, ambayo Wenseslaus alikwisha kurudishiwa, spika ikiwa juu kama kawaida, jiko zima likisikia. Walimpa chai. Walimsikiliza mpaka mwisho. Mzee mmoja mpole wa kamati alimwambia kwamba picha ni nzuri sana, lakini hata yeye anaweza kumpiga simba picha akasema yuko sebuleni kwake. Aje na nondo wenyewe.

"Nikasema wameliwa," alisema Pamela. "Wakaniuliza wameliwa na nani. Nikasema sisimizi. Mama, walijitahidi sana wasicheke."

"Wakasaini?"

"Walisaini nikiwa bado nakunja makaratasi yangu."

Salio la Pamela likaisha lenyewe.

*

Mwenyekiti alikuja Jumamosi, peke yake, akipitia njia ya nyuma kando ya mfongo. Alikuwa amevaa koti. Mkononi alishika jani refu la isale, amelifunga fundo katikati.

Mektrida alimwona wa kwanza, akajua. Isale ndiyo inayopandwa kwenye mipaka ya vihamba, na Mchagga aliyekosa akija nalo mkononi, uwe umeibiwa, uwe umetukaniwa mzazi, hulikatai. Haijalishi unalotaka wewe.

Eliaichi hakuanza na sarufi. Alimnyooshea Wenseslaus jani kwa mikono miwili, akainamisha kichwa.

"Wenseslaus, ndugu yangu. Nimekukosea mbele ya watu."

Wenseslaus alilitazama lile jani. Angeweza kusema mengi, yote ya tangu kwenye benchi. Akalipokea.

"Nimepokea."

"Umenisamehe?"

"Isale ipo mkononi mwangu, mwalimu. Unataka nini zaidi?"

Akaletewa kigoda. Mektrida akamtilia mbege, akasubiri anywe.

"Na maji, mwenyekiti?" aliuliza.

Eliaichi aliiweka kata chini. Aligeukia mfongo, uliokuwa ukisema maneno yake yaleyale nyuma ya jiko.

"Hilo lilishatoka mikononi mwetu, Mama Denis. Mimi nilichonacho ni hilo jani."

Alipoondoka, Wenseslaus alilitia isale kwenye chupa ya maji dirishani, kwa sababu hakujua pengine pa kuliweka. Hakusimulia kitu jioni ile. Mektrida alikuwa amezoea kumwambia anyamaze, na sasa hakujua nyumba ifanywe nini.

Jumatatu tingatinga lilipanda. Lilisikika tangu chini kwenye parokia, na lilipokata kona ya juu, vikombe vilitikisika kabatini. Wenseslaus hakutoka kitandani, alisema magoti. Mektrida akajifunga kanga ya pili. Akalitoa isale kwenye chupa, akalipangusa maji, akapanda kuelekea msituni.

Dereva alikuwa kijana mgeni, mtu wa mbali, Kiswahili chake si cha mlimani. Alikuwa anakagua mafuta. Nyuma yake mti wa kwanza ulikwisha kupakwa alama nyekundu. Alipomwona mama mtu mzima anakuja akipumua kwa shida, alifuta mikono kwenye suruali.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu."

Akasimama mbele yake, akamnyooshea jani kwa mikono miwili, akainamisha kichwa kama alivyofanya mwenyekiti. Kijana alitazama nyuma yake, kisha akalitazama jani.

"Ni dawa, mama?"

"Ni isale. Kwetu ukiletewa hili hulikatai."

"Sikatai mama," alisema yule kijana, na akalipokea kwa mikono miwili vilevile, maana alilelewa vizuri. "Nimepokea. Asante sana."

Akapanda juu, akalichomeka mbele ya kioo, pale ambapo angeliona muda wote. Akalinyoosha lisipinde. Kisha akamwomba mama asogee nyuma kidogo, vumbi lisimpate, akawasha.